Mwenye Haki na Farasi Wake Wakati wa Theluji

Je, mtu anaweza kumtendea kiumbe ukatili huku moyoni akiamini kwamba anamhurumia? Mithali 12:10 inajibu kwamba anaweza. Mstari huo unamweka mwenye haki upande mmoja na mwovu upande wa pili, na kinachowatenganisha si sala zao wala sadaka zao, bali namna wanavyoishi na mifugo yao. La kushangaza ni kwamba mstari hausemi kuwa mwovu hana huruma. Anayo. Ila huruma yake ikimfikia mnyama huwa imekwisha kugeuka ukatili.

Tukisoma haraka tunadhani maneno hayo yanawahusu tu wale wanaopiga wanyama na kuwanyima chakula. Lakini anayesoma Kiebrania anaona jambo zaidi. Kitenzi kilichotumika kwa mwenye haki ni yada, yaani kujua, kitenzi kile kile kinachotumika katika Mwanzo 4:1 kwa Adamu na mkewe. Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Naona basi kwamba mstari huu unatuonya pia sisi wenye moyo mwepesi wa kuhurumia. Huruma isiyotaka kumjua anayehurumiwa iko mahali pa hatari.

Napenda tulifikiri jambo hili kwa mfano wa mbali: utunzaji wa farasi nyumbani wakati wa baridi kali, katika jimbo la Minnesota kule kaskazini ya Marekani. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Minnesota si ngeni kabisa kwetu. Washarika wengi wa Dayosisi ya Iringa wanaijua kwa ushirikiano wa Bega kwa Bega na Walutheri wa Saint Paul. Pili, mfano wa mbali una faida yake. Sisi wengi hatufugi farasi wala hatujui theluji, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuyatetea. Tukiisha kuona jambo lilivyo kule, tutaweza kurudi nyumbani na kujitazama.

Baridi ya Minnesota si kama ile ya Lushoto au Njombe. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa rekodi, lakini usiku wa nyuzi 20 au 25 chini ya sifuri ni jambo la kawaida katika mwezi wa Januari. Katika majira hayo ziko familia nyingi za mashambani zenye farasi wawili au watatu nyuma ya nyumba, na kila asubuhi mtu wa nyumba lazima atoke akawaone.

Sasa fikiri wewe unayetoka nchi ya jua. Unachungulia dirishani na kumwona farasi amesimama nje, theluji imemlalia mgongoni. Moyo unakuuma. Unataka kumwingiza bandani upesi, uzibe kila tundu la upepo, uwashe taa ya joto, umfunike blanketi nene. Hivyo ndivyo ungetaka utendewe wewe. Tena tumefundishwa kuwatendea wengine yale tunayotaka kutendewa (Mt. 7:12). Kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba umempima farasi kwa ngozi yako. Farasi hakuumbwa kama wewe. Mababu zake waliishi kwenye nyanda za baridi za Asia na mashariki ya Ulaya, na hata leo farasi wa Yakutia, huko Siberia, hukaa nje majira yote ya baridi wakifukua nyasi chini ya theluji kwa kwato zao. Siku zinapoanza kuwa fupi baada ya kiangazi, mwili wa farasi huhesabu saa za mwanga na kuanza kuotesha manyoya marefu hata kabla baridi yenyewe haijafika. Baridi ikija, manyoya hayo husimama na kushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Basi ile theluji uliyoiona mgongoni bila kuyeyuka si dalili ya mateso. Ni dalili kwamba joto la mwili limebaki ndani. Mtunga Zaburi aliyefananisha theluji na sufu (Zab. 147:16) angelielewa jambo hilo.

Wataalamu wa mifugo wa kule husema kwamba farasi mzima, mwenye manyoya kamili na makavu, haanzi kutumia nguvu za ziada kujipasha joto mpaka baridi ishuke hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Lakini manyoya yakilowa hulala, ile hewa hutoka, na farasi yule yule anaweza kuanza kuhangaika kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri. Kwa hiyo mvua ya baridi yenye upepo inamwumiza kuliko usiku mkavu wa barafu. Wewe uliyemhurumia usiku wa theluji huenda ungempita bila kumwangalia siku ya manyunyu, kwa kuwa siku hiyo wewe mwenyewe hukusikia baridi sana.

Basi farasi anahitaji nini? Kwanza, chakula, nacho ni majani makavu kuliko nafaka. Majani yenye nyuzinyuzi huchachushwa na vijidudu katika utumbo mpana, na kazi hiyo hutoa joto kwa muda mrefu. Farasi wa kilo 500 hula kilo 8 hadi 10 za majani makavu kwa siku, na baridi ikivuka kiwango chake huongezewa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Moto wake uko tumboni. Anayemnyima majani akamfunika blanketi ni kama mtu aliyefunika jiko lisilo na mkaa.

Pili, maji. Hapa ndipo wasiojua hukosea kabisa, kwa sababu nani anafikiri kiu wakati wa baridi? Wakati wa kiangazi farasi hula majani mabichi ambayo sehemu kubwa ni maji. Wakati wa theluji majani yake ni makavu, basi haja ya kunywa huongezeka wakati ule ule ambapo kila birika limeganda. Anahitaji lita 25 hadi 45 kwa siku. Kumwambia ale theluji hakutoshi. Ndoo kumi za theluji zikiyeyuka hutoa karibu ndoo moja tu ya maji, na joto la kuyeyusha linatoka mwilini mwake. Asipokunywa vya kutosha, chakula hukwama utumboni, na maumivu hayo yanaweza kumuua. Kwa hiyo mfugaji hutoka na shoka kuvunja barafu, au huweka kipasha maji cha umeme ndani ya birika, au hubeba ndoo za maji ya uvuguvugu kutoka jikoni, maana farasi hunywa kidogo maji yakiwa ya baridi mno.

Tatu, hewa na wenzake. Banda lililozibwa kila upande, ambalo kwetu lingeonekana kuwa la upendo, hukusanya unyevu, vumbi, na gesi ya amonia itokayo kwenye mkojo. Farasi hupata kikohozi na ugonjwa wa mapafu. Mara nyingi humfaa zaidi kibanda chenye kuta tatu, kilichoupa upepo mgongo, ambamo anaingia na kutoka apendavyo. Na humo asikae peke yake, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi. Upepo ukivuma husimama pamoja, mikia upande wa upepo, kila mmoja akimkinga mwenzake.

Je, blanketi ni baya? La. Farasi mzee, aliyekonda, mgonjwa, aliyenyolewa manyoya, au aliyeletwa karibuni kutoka nchi ya joto, huyo analihitaji kweli. Lakini blanketi hulaza manyoya, na likilowa au likibana humtesa. Lazima livuliwe kila siku, aangaliwe. Huwezi kumtupia ukaenda zako.

Niliwahi kupokewa mwezi wa Januari na familia moja ya kule, washarika wenzetu wenye farasi watatu. Mama wa nyumba alikuwa akitoka kabla ya mapambazuko, na asubuhi moja nilifuatana naye nikiwa nimevaa makoti mawili. Aliwaendea mmoja mmoja, akavua glavu kwenye baridi ile, akapitisha vidole vyake katikati ya manyoya mpaka kwenye mbavu. Nilimwuliza kwa nini havai glavu. Akaniambia kwamba manyoya ya baridi hudanganya macho: farasi anaweza kukonda mpaka mifupa huku kwa nje akionekana mnene. Mkono mtupu ndio unaojua. Kisha akawainua miguu, akatoa theluji iliyogandamana ndani ya kwato kama mawe. Nikawaza kwamba nimekaa miaka chuoni nikifafanuliwa maana ya yada, na mama huyu anaifanya kwa vidole.

Hapo tumefika kwenye jibu la swali letu. Huruma ya kwanza, ile iliyotokea dirishani, ilikuwa ya kweli kama hisia, lakini ilikuwa inamhudumia mwenye kuhurumia. Ilitaka maumivu ya moyo wake yaishe. Ungelifunga banda, ungelilala vizuri, na farasi angelikohoa mpaka asubuhi. Huruma ya pili iliuliza: kiumbe huyu ameumbwaje, na leo anapungukiwa na nini? Ikakubali kupata baridi kwenye vidole ili ijue. Agizo la Bwana wetu katika Mathayo 7:12 halipingwi na jambo hili, bali linatimizwa. Maana ninalotaka mimi kutendewa, nikifikiri vizuri, ni kujuliwa jinsi nilivyo, nisichukuliwe kama kivuli cha mtu mwingine.

Lakini yako mapingamizi mawili ambayo msomaji makini atayaleta, nayo ni ya haki.

La kwanza: ikiwa farasi ameumbwa kwa baridi, kwa nini mtu ajisumbue hata kidogo? Si amwachie Mungu aliyempa manyoya? Jibu liko kwenye ua. Farasi wa porini akikosa maji hutembea hata akayapate. Upepo ukizidi hushuka bondeni. Majani yakiisha huhama. Farasi wa nyumbani hawezi. Binadamu amejenga ua, na kwa ua ule amemwondolea njia ambazo Muumba alimpa za kujiokoa. Kwa hiyo maji yale ya uvuguvugu si hisani. Ni deni. Aliyefunga ndiye anayedaiwa. Mungu alipompa mwanadamu kuwatawala wanyama (Mwa. 1:28), hakumpa ruhusa ya kufunga bila kulisha. Ndiyo maana Torati inamkataza mtu kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka (Kum. 25:4): ukiichukua nguvu yake, usimzuie kupata haki yake.

La pili ni zito zaidi, na ni la kwetu. Mtu atasema: Mchungaji, huko wanawapashia farasi maji kwa umeme, na hapa kuna mama anayeteka maji kisimani kilomita tatu. Je, hii si dhihaka? Silikwepi swali hili. Ziko anasa zinazovaa jina la upendo kwa wanyama, na mtu anayemvika farasi vizuri huku akimdhulumu kibarua wake hajaisoma Mithali bado. Lakini angalia jinsi Yesu alivyolitumia jambo hili lenyewe. Katika Luka 13 alimponya siku ya sabato mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo miaka 18, na mkuu wa sinagogi akakasirika. Yesu akawakumbusha kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake siku ya sabato na kumpeleka kunywa maji. Hakuwalaumu kwa kumnywesha punda. Hakusema maji yale yalikuwa hasara. Alisema kwamba aliyeiona kiu ya punda hana udhuru wa kutokuiona minyororo ya binti wa Ibrahimu. Yaani kumtunza mnyama hakupunguzi deni letu kwa binadamu. Kunaliongeza, kwa sababu kumeshatuonyesha kwamba tunajua kuona.

Na kinyume chake ni kweli. Aliyezoea kutokuiona kiu ya mnyama anajifunza shule mbaya. Tunayo methali inayosema punda afe mzigo ufike. Tunaisema kwa mzaha, lakini ni imani kamili, nayo inapingana moja kwa moja na Mithali 12:10. Mwenye kuiamini haishii kwa punda. Kesho ataisema kwa mfanyakazi wa ndani, kwa kondakta, kwa mke, na kwa mwili wake mwenyewe.

Basi turudi nyumbani. Wenzetu wa Makete na Njombe wanaijua sakitu ya mwezi wa Juni na Julai, na ng'ombe wao wanaijua pia. Wa Dodoma na Singida wana punda wanaobeba maji mchana kutwa na jioni hufungwa mti pasipo maji hayo hayo waliyoyabeba. Kila mmoja anaweza kuanza na swali la mama yule: nimepeleka mkono wangu mpaka kwenye mbavu, au nimetazama manyoya tu?

Lakini nadhani jaribu letu kubwa liko karibu zaidi. Watoto wetu wengi waliofanikiwa mjini humwonea huruma mzazi aliyebaki kijijini. Wanamwona kama farasi yule wa dirishani: nyumba ya udongo, moshi jikoni, upepo. Wanamchukua, wanampeleka Dar es Salaam, wanampa chumba chenye kitanda kizuri, televisheni na feni. Mlango wa geti unafungwa kwa sababu ya wezi. Wote wanakwenda kazini. Mama anakaa siku nzima bila mtu wa kumsalimia kwa lugha yake, bila shamba la kupalilia hata mistari miwili, bila kwaya ya wazee, bila jirani wa kumwambia ndoto aliyoota. Amefunikwa blanketi zuri katika banda lililozibwa. Baada ya miezi michache anakonda, na wanashangaa, maana hakupungukiwa na kitu. Walimpenda kweli. Hakuna aliyeuliza ameumbwaje na leo anapungukiwa na nini. Sisemi kwamba wazee wote wabaki kijijini; wako wagonjwa na dhaifu ambao kwao blanketi ndilo hasa linalohitajika. Nasema kwamba jibu halijulikani kutoka dirishani. Lazima mtu akae karibu, aulize, asikilize, na akubali kusikia asichotarajia. Na ikiwa sisi ndio tuliojenga ua, ikiwa tumemhamisha na funguo tunazo sisi, basi tunadaiwa zaidi.

Washarika, haya yote yasingekuwa Injili kama yangeishia kwenye wajibu wetu. Luther katika Katekisimu Ndogo, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anaitaja mifugo pamoja na chakula, mavazi, nyumba na hali nzuri ya hewa. Na anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani, anatufundisha kukiri kwamba Mungu ametuumba pamoja na viumbe vyote. Sisi na farasi tuko upande mmoja wa mstari: upande wa walioumbwa, wanaohitaji, wasioweza kujinywesha. Na Zaburi 103:14 inatwambia kwamba yeye anajua tulivyoumbwa, kwamba sisi ni mavumbi. Mungu hakutuhurumia kutoka dirishani. Neno alifanyika mwili, akaona njaa na kiu, akalala katika hori la kulishia mifugo, akapeleka mkono mtupu hadi kwenye mbavu za ulimwengu huu zilipojificha chini ya manyoya. Msalabani alisema ana kiu. Anayetuhurumia anatujua, ndiyo maana huruma yake haigeuki kuwa ukatili, hata inapotunyima tulichoomba.

Aliyejuliwa hivyo anaweza kuanza kuwajua wengine bila haraka ya kuutuliza moyo wake mwenyewe. Juma hili, kabla hujamsaidia yeyote, mnyama au mtu, nenda karibu naye. Mtazame anywe. Muulize, kama anaweza kusema. Kama hawezi kusema, vua glavu.